Maisha juu ya mto: jani lina jina, abiria ni "na wengine"

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama na batoto wenye munabaki nyumbani wakati sisi tuko mu mashimo, leo hatutazungumza juu ya dhahabu wala almasi. Tutazungumza juu ya mto. Chikwanga tunayokula kule karieri, samaki wa kukausha, mafuta ya mawese, chumvi, sabuni: vingi vya vitu hivyo vilipita kwanza juu ya maji. Na watu wanaovileta wanaishi juu ya maji hayo wiki nyingi, pamoja na watoto wao.

Tulikuwa wanne wa sendika. Tulitoka Kisangani asubuhi na mapema kwenda Yangambi, kilomita karibu 100 tukishuka mto, ng'ambo ya kuume. Tulikwenda kusalimia jamaa za wenzetu wa kazi. Barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua, kwa hiyo tukapanda balenieri iliyokuwa inashuka kuelekea Bumba.

Kwa wale ambao hawajaiona: balenieri ni mashua ndefu ya mbao, mota iko nyuma, na juu wanatandika bashi kwa ajili ya jua na mvua. Mizigo inaingia kwanza. Watu wanakaa juu ya mizigo. Kila jamaa ina nafasi kama ya mkeka mmoja, na mkeka huo ndiyo chumba, ndiyo jiko, ndiyo duka. Kuku wamefungwa miguu, mbuzi wako mbele. Choo ni kibanda kidogo nyuma, juu ya maji. Maji ya kunywa yanachotwa mtoni humo humo, upande mwingine.

Karibu na sisi alikaa mama mmoja mwenye watoto wawili. Yule mdogo alikuwa amefungwa kitambaa kiunoni, na ncha ya kitambaa imefungwa kwa gunia la maharagi.

"Mama, mutoto ni mbuzi?" mwenzetu mmoja alimtania.

"Papa, mbuzi anajua kuogelea," akajibu. "Huyu hapana."

Tulicheka, halafu tukanyamaza. Alituambia kwamba nyumba yake iko Bumba, lakini miezi miwili sasa analala paka mu balenieri. Anapanda na samaki, anashuka na maharagi, chumvi na nguo. Mota ikipunguza mwendo karibu na kisiwa, wavuvi wanakuja na mitumbwi yao, wanashika ubavu wa mashua, na soko linafunguka palepale: samaki kwa chumvi, ndizi kwa sabuni. Mota ikiongeza nguvu, mitumbwi inaachia, soko linafungwa.

Mto huu unaruhusu maisha ya namna hiyo kwa sababu ya urefu wake. Juu ya Kisangani maporomoko ya Boyoma yanazuia kila chombo. Lakini kuanzia Kisangani kushuka mpaka Kinshasa ni kilomita 1,734 bila poromoko hata moja: Yangambi, Isangi, Basoko, Bumba, Lisala, Mbandaka, na katikati visiwa vingi sana, vingine vina kambi za wavuvi, vingine vina miti tu. Kushuka ni rahisi kidogo. Kupanda kutoka Kinshasa kunaweza kula wiki mbili, wiki tatu, au zaidi ya mwezi kama mota inakufa au chombo kinakaa juu ya mchanga. Ndiyo maana mbele ya mashua kuna kijana mwenye mti mrefu. Anapima maji, anapiga kelele, na komanda anageuza usukani kufuata sauti yake.

Tumesikia kwamba kule Bahari ya Hindi na Pasifiki kuna watu wa Ulaya wanaouza nyumba, wananunua mashua ya matanga, halafu wanaishi ndani yake wakitembea kisiwa kwa kisiwa. Wanapenda maisha hayo. Ukiangalia vizuri, hata hapa kwetu ni kisiwa kwa kisiwa, kupika juu ya maji, kulala juu ya maji. Lakini yule wa matanga ana jile ya kuokoa maisha, ana redio, na akifika bandarini anaandikwa jina lake, la mashua yake, na kule anakotoka. Sisi je?

Kabla ya kuondoka Kisangani tuliona kijana ana karatasi ya orodha ya abiria. Tulimwomba tuiangalie. Ilikuwa na majina kumi na saba. Chini ya jina la kumi na saba aliandika: "na wengine". Juu ya mizigo tulikuwa watu zaidi ya mia.

"Na sisi, hautuandike?"

"Ninyi munashuka paka Yangambi, papa. Ni karibu."

Kama vile maji ya karibu hayaui.

Maneno hayo, "na wengine", yalituchoma kwa sababu sisi wachimbaji tunayajua. Wengi wetu tulishafanya kazi kwenye mashimo ambayo watu wanaingia bila kuandikwa. Siku moja udongo ulianguka kwenye shimo moja, na usiku kucha tulichimba bila kujua tunatafuta watu wangapi. Mmoja alisema watano, mwingine tisa. Tulipotoa saba tulisimama, hatukujua kama tumalize au tuendelee. Mama mmoja alikuja siku tatu baadaye kutafuta mume wake, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia ndiyo au hapana. Tangu siku hiyo, kwenye timu yetu kuna daftari. Hakuna anayeshuka kabla ya jina lake kuandikwa, na akipanda anafutwa kwa mstari. Daftari halizuii udongo kuanguka. Lakini linajua nani yuko chini.

Kwenye mto ni vilevile. Aprili 2025 balenieri HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka. Ilielezwa kwamba moto ulianza wakati mama mmoja alikuwa anapika ndani. Siku za kwanza walisema watu 50 wamekufa. Baada ya siku chache hesabu ikapita 140. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Pale pia hesabu zilizotolewa hazikulingana. Hesabu isipolingana, kuna jamaa ambayo mtu wao hajulikani kama ni mzima au ni maiti. Mjane huyo atapata wapi cheti cha kifo? Watoto watadai nini, kwa nani?

Tulifika Yangambi jua linaelekea kushuka. Wengi wanajua mji huu kwa ajili ya INEAC, kituo cha uchunguzi wa kilimo ambacho Wabelgiji walikianzisha 1933, na ambacho leo ni INERA. Nyumba nyingi za matofali zimezeeka, lakini kazi inaendelea. Tangu 2020 kuna mnara wa mita 55 ndani ya pori, unapima hewa ambayo miti inavuta na kutoa. Na kuna nyumba ya majani makavu, ambamo wameweka majani na maua karibu 150,000 yaliyokaushwa na kubandikwa juu ya karatasi. Kila karatasi ina kibandiko: jina la mmea, mahali ulipokatwa, tarehe, na jina la yule aliyeukata. Jani la zaidi ya miaka 80 bado linajulikana lilitoka wapi na siku gani.

Hatuna shida na majani. Ni kazi nzuri. Lakini mtu anayepita mtoni, mbele ya nyumba hiyo hiyo, juu ya gunia, yeye anaandikwa "na wengine".

Na si kweli kwamba watu wa hapa hawakuzoea mambo ya majina. Walokele, wenyeji wa kando ya mto huu, walikuwa wanatuma habari kwa ngoma ya mti, lokole. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, aliandika kitabu juu yake 1949. Alieleza kwamba kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma: jina lake mwenyewe, jina la baba yake, na kijiji cha mama yake. Mtu akipatwa na neno mbali, ngoma ilimtaja mpaka kwao. Hiyo ilikuwa orodha ya abiria kabla ya karatasi.

Basi tunasema nini, sisi wa sendika? Hatusemi msipande balenieri. Wengi hawana njia nyingine, na wale wanaoishi humo wanatulisha. Tunasema balenieri ni mahali pa kazi kama shimo, na kila mahali pa kazi pana masharti yake.

Kwanza, usikae kabla ya kuona jina lako kwenye orodha, na namba ya simu ya mtu wako wa nyumbani. Watoto pia, hata wa mgongoni. Karatasi moja ibaki bandarini, kwa sababu ile ya ndani ya mashua inazama pamoja na mashua.

Pili, babula na mapipa ya esansi au mazutu visikae jirani. Mpike wakati mashua imefungwa ukingoni. Kama ni lazima kupika safarini, iwe mahali pamoja, ndoo ya mchanga iko karibu, na mtu mzima haondoki hapo.

Tatu, usiku tufunge kwenye kisiwa. Wakubwa walishakataza mara nyingi kusafiri usiku, na bado vyombo vinatembea gizani bila taa. Gogo halina taa. Mwenzako anayekuja mbele naye hana.

Nne, jile. Baada ya ajali ya Ziwa Kivu ya Aprili 2019 Rais alitangaza kwamba kila abiria lazima awe nayo. Kama mwenye mashua hana ya kila mtu, aanze na watoto. Bidoni tupu iliyofungwa vizuri ni bora kuliko mikono mitupu.

Siku ya kurudi Kisangani tulipanda balenieri nyingine. Orodha hakukuwa nayo kabisa. Basi mwenzetu alitoa daftari la timu yetu, akageuza ukurasa mpya, akaanza kuandika. Wengine walikataa, wakafikiri ni watu wa kodi. Mama mmoja mzee alisema, "Andika miye. Na mwandike kijiji ya mama yangu." Baada yake wakaja wengi. Tulifika majina 84.

Tulipomaliza, yule kijana wa mti mrefu, mpima maji, alikuja akasimama karibu na daftari. Alisema anafanya kazi mtoni tangu miaka sita, na hakuna siku hata moja aliyoandikwa, kwa sababu yeye si abiria.

Tuliandika jina lake la 85. Karatasi ya kwanza tuliirarua, tukampa mwuza chikwanga wa bandarini aitunze mpaka tupige simu kwamba tumefika. Tulipofika, tulipiga.