Mwakeye: Salamu Yenye Asubuhi Ndani Yake

Ukishuka kwenye basi Kasulu alfajiri, ukungu ungali umelala vilimani, salamu ya Kiha itakayokupokea ni "Mwakeye!" Watanzania wengi wanalijua neno hili kwa utani tu, ndilo wanalomwitia rafiki yao Muha wakikutana naye mjini. Wachache hujiuliza linasema nini.

Tulifungue. Mwanzoni kuna mu-, yaani ninyi, ikifuatwa na -a- ya wakati uliopita. Kilichobaki, -keye, ni ndugu wa -cha ya Kiswahili, ile tunayoisikia katika kumekucha na usiku kucha. Anayekusalimu hakuulizi habari. Anashuhudia: mmekuchiwa, usiku mmeuvuka. Na umbo lenyewe ni la wengi, hata anapoheshimiwa mtu mmoja. Mimi hulisikia hivi: na waliolala nyumbani kwako nao wamo.

Neno la pili ni amahoro, linalosikika pande zote mbili za mpaka wa Burundi, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha zinazoelewana. Tunalitafsiri "amani", tunapita. Lakini penye p ya Kiswahili, lugha hizi mara nyingi huwa na h: kupa ni guha, pembe ni ihembe. Basi kitenzi guhora, kinachozaa amahoro, ni kupoa kwetu. Kiswahili kilidondosha l ya kale iliyokuwa katikati ya kupoa, ila kimeitunza katika pole na upole. Mama anayembembeleza mtoto kwa Kirundi humwambia "hora, hora", yaani poa, tulia. Amahoro ni hali ya moto uliopoa. Na kijana wa stendi ya Kibondo anayejibu "poa!" na bibi yake anayesema "amahoro" wanachota kisima kimoja.

Wilaya za Kasulu na Kibondo zinajua uzito wa neno hilo. Nyarugusu, huko Kasulu, imepokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996. Nduta, Kibondo, ilijaa Warundi baada ya machafuko ya 2015.

Lakini neno linaweza kupendwa huku lugha yake ikififia. Kule Hawaii, salamu ya aloha ilichapwa kwenye mashati na kujulikana duniani kote, ilhali sheria ya 1896 ilikuwa imekifanya Kiingereza lugha ya kufundishia na watoto wakaikosa lugha yao. Kilichosaidia kuirudisha ni shule za awali za Pūnana Leo, "kiota cha sauti", zilizoanza 1984, ambamo mtoto hucheza, hula na hukemewa kwa Kihawaii.

Kiha bado kina wasemaji wengi, na sarufi yake imeandikwa: kitabu cha mtafiti Lotta Harjula kilitoka 2004. Sera yetu ya Utamaduni ya 1997 inaziita lugha za jamii hazina. Shuleni, hata hivyo, hazifundishwi. Darasa lililobaki ni jikoni na shambani. Ndiyo maana siridhiki na mzazi wa Kibondo anayemfundisha mwanawe salamu ya Kiha ili awafurahishe wageni, bila kumfungulia kilichomo.

Kesho, mtoto akiamka, mwambie "Mwakeye", kisha mtoke naye nje mkalitazame jua linavyochomoza, umwoneshe kucha ni nini. Na chai ikimuunguza ulimi, mpulizie, umfundishe guhora.