Pesa za tabianchi humfikiaje mkulima wa Githongo?

MKULIMA wa majanichai wa Githongo, Imenti ya Kati, hajachangia pakubwa ongezeko la joto duniani, ilhali ndiye anayekadiria hasara mvua inapochelewa. Ni kwa sababu ya dhuluma kama hiyo ambapo mataifa tajiri yaliahidi jijini Copenhagen mnamo 2009 kwamba kufikia 2020 yangekuwa yakitoa dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi zinazostawi.

Kiwango hicho kilifikiwa 2022, miaka miwili baada ya makataa. Isitoshe, sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo. Jijini Baku mnamo 2024, lengo jipya liliwekwa: dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035. Nchi zinazostawi zilikuwa zimedai trilioni 1.3.

Nchini Kenya, njia mojawapo ya fedha hizo imekuwa mpango wa FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 150 mnamo 2021. Pesa hupitia Hazina ya Kitaifa hadi kwa serikali za kaunti, ikiwemo Meru. Kaunti nayo hutakiwa kutenga sehemu ya bajeti yake ya maendeleo, kisha kamati za wadi, ambamo wananchi wanawakilishwa, hupendekeza miradi kama vile ya maji na upanzi wa miti.

Hapo ndipo sauti ya mkulima inapohitajika. Anayesusia vikao vya wadi huwaachia wengine uamuzi, ilhali mkopo wenyewe utalipwa kwa kodi yake pia.