Marathoni na Daftari la Ahadi (Sehemu ya Nne)

Tangu Alphonce Simbu wa Singida alipompita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, kule Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, sipumziki kwa maswali. Siku chache baadaye mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakaja hapa Kigali, mara yake ya kwanza kufanyika Afrika, na vijana waliosimama kwenye mlima wa mawe wa Kimihurura walishangilia mpaka sauti zikawakauka. Sasa karibu kila ninayekutana naye mtaani kwetu Biryogo anasema mwaka ujao atakimbia marathoni ya Kigali, na wengi wanataka kukimbia huku wakichangisha. Jirani yangu mmoja, fundi wa simu, ndiye aliyeniuliza swali zuri kuliko wote: "Mwalimu, nianze kukimbia au nianze kuomba?"

Nilimwambia aanze kwa kununua daftari. Sababu yake ni ndefu, na waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua sipendi kuikata.

Inaanzia kwenye mbio mnazozikumbuka, marathoni ya Olimpiki ya London ya 1908, iliyotuachia kilomita 42.195. Huko nyuma nilizungumzia umbali nikamwacha Dorando Pietri, Mwitaliano aliyefanya kazi katika duka la keki mjini Carpi. Aliingia uwanjani wa kwanza tarehe 24 Julai, akageukia upande usio wake, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, mpaka wasimamizi wakamshika na kumfikisha mwisho. Wamarekani wakalalamika, naye akaondolewa. Medali ikaenda kwa mwenzao Johnny Hayes. Kesho yake Malkia Alexandra alimpa Pietri kikombe. Hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba siku ile Arthur Conan Doyle, mtunzi wa visa vya Sherlock Holmes, alikuwa uwanjani akiliandikia gazeti la Daily Mail, kisha akaanzisha mchango ili Pietri afungue duka lake la mikate kwao. Alitoa pauni 5 za mfukoni mwake kabla ya kumwomba mtu yeyote. Zikapatikana zaidi ya 300.

Zitazameni zile pauni 5. Mwombaji alitoa kwanza, akatoa hadharani, na kila msomaji alijua fedha ni za nani na za kazi gani.

Miaka 72 baadaye akatokea Terry Fox wa Kanada, kijana ninayemheshimu kuliko mabingwa wengi. Alikatwa mguu wa kulia juu ya goti mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa, akiwa na miaka 18. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kuivuka Kanada kwa mguu mmoja wa kuzaliwa na mmoja wa bandia, karibu marathoni nzima kila siku, akiomba dola moja kwa kila Mkanada kwa ajili ya utafiti wa saratani. Siku 143, kilomita 5,373. Saratani ilipofika mapafuni alisimama karibu na mji wa Thunder Bay, na Juni 1981 akafariki. Lakini kabla hajafa aliziona dola milioni 24 zikitimia, sawa na idadi ya watu wa nchi yake. Alipokea viatu, gari na mafuta kutoka kwa makampuni, ila alikataa kutangaza bidhaa ya yeyote kwa malipo. Hakutaka mtu apate faida kwa safari ile, na yeye mwenyewe hakujitoa katika kanuni hiyo.

Karibu na sisi, mwaka 2014 Margaret Kenyatta, mke wa rais wa Kenya wakati huo, alikimbia marathoni ya London kwa zaidi ya saa saba kuchangia zahanati zinazotembea kwa ajili ya akina mama na watoto. Mwendo wake haukumtisha mtu. Lakini magari yale yalifika kwenye kaunti, na mama mjamzito aliyapanda kwa miguu yake.

Nasema haya kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilikimbia nusu marathoni kuchangia taasisi moja ya watoto. Nilizunguka kwa mashemeji, kwa walimu wenzangu, na sokoni, ambako mama muuza sambaza alifungua fundo la kitenge chake, akanihesabia faranga 500 kwa sarafu. Mwezi uliofuata akaniuliza: "Mwanangu, zilifika?" Niliandika barua tatu kwa taasisi ile na sikujibiwa. Yule mama sikuwa na la kumwambia, na kwa muda mrefu nilipita njia nyingine kwenda sokoni.

Ndiyo maana ya daftari. Jina, ahadi, kilicholipwa, tarehe. Anayetuma kwa simu, kwa MoMo, aandikwe sawa na anayetoa sarafu. Nauli, viatu na ada ya kushiriki vitoke kwenye mshahara wako, si kwenye mchango. Na chagua kazi ambayo jirani ataiona kwa macho: kulipia mutuelle, bima ya afya ya jamii, ya familia zisizojiweza, kwa mfano. Kwa kipimo cha faranga 3,000 kwa mtu, kilichotumika kwa miaka mingi, kila kilomita ikimlipia mtu mmoja, marathoni moja inakatia bima watu 42 kwa faranga 126,000. Marathoni ya Kigali ilianzishwa mwaka 2005, kwa juhudi za shirika la wanawake la Soroptimist, kwa ajili ya amani baada ya mauaji ya kimbari yaliyotupata 1994. Barabara yenye kumbukumbu hiyo haifai kuchangishiwa hovyo.

Mazoezi sasa, kwa ufupi. Wiki 16 hadi 20. Ongeza umbali kidogo kidogo, usizidishe sehemu moja ya kumi kwa wiki. Mbio ndefu iwe moja kwa wiki, ifike kilomita 30, kwa maana hapo ndipo akiba ya sukari ya misuli huanza kuisha na miguu hugeuka magogo. Kigali iko juu ya mita 1,500 na haina tambarare ya maana, basi panda Mlima Kigali taratibu na ushuke taratibu zaidi. Mteremko ndio unaoumiza mapaja. Wiki mbili za mwisho punguza.

Jirani yangu amerudi jana na daftari la kurasa 48. Jina la kwanza ni lake mwenyewe, faranga 5,000, zimelipwa. Chini yake yako majina tisa. Jumapili ya siku bila magari tutaanzia Gishushu, saa kumi na mbili asubuhi, kilomita nane.