SOMO LA REDIO: UGONJWA MMOJA, AMRI MBILI

(Somo hili lilisomwa redioni. Limechapwa ili vikundi vya kujisomea vilisome tena polepole.)

Kiongozi wa kikundi, tafadhali hakikisha kila mtu anaona ukurasa. Asiyeona vizuri asogee karibu na mwanga.

Leo twajifunza habari ya mpaka na maradhi. Swali letu ni hili: Serikali mbili jirani zikitoa amri zisizofanana juu ya ugonjwa mmoja, mwananchi afanye nini?

MAHALI PETU

Tuanzie Matema. Ukisimama kwenye mchanga wa Matema na kuyatazama maji ya Ziwa Nyasa, mkono wako wa kushoto ipo milima ya Livingstone. Mkono wa kuume ufuko wazunguka kwenda magharibi, mpaka ufike mto Songwe. Ng'ambo ya Songwe ni Malawi. Barabara huvuka mto huo hapo Kasumulu, wilayani Kyela, ikaenda Karonga.

Ziwa lenyewe lina majina mawili. Sisi twaliita Nyasa, wenzetu huliita Malawi. Tangu miaka ya 1960 serikali hizi mbili hazijapatana juu ya mpaka majini. Tanzania yasema mpaka uko katikati ya maji. Malawi yasema uko ufukoni, upande wa Tanzania. Lakini Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga husikilizana lugha, huoana, na huzikana. Mchele, samaki na vyungu vya Wakisi haviulizi ramani inasemaje.

Basi, mahali kama hapa, amri ya mji mkuu mmoja haitoshi. Jamaa yako yuko upande wa pili, naye husikiliza serikali nyingine.

UGONJWA ULIPOFIKA

Mwaka 2020 ulifika ugonjwa wa korona, ambao pia waitwa Uviko-19. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Malawi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza tarehe 2 Aprili.

Mwanzo serikali zetu zilifanana. Zote mbili zilifunga shule. Zote mbili ziliwaambia watu wanawe mikono kwa sabuni na wasisongamane. Baadaye njia zikaachana.

Tanzania haikuwafungia watu majumbani. Rais John Magufuli alisema kwamba watu wanaokula kwa kazi ya kila siku hawawezi kukaa ndani. Makanisa na misikiti haikufungwa. Mwezi wa Mei 2020 Rais alisema kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa kupimwa kwa siri, na majibu yakatoka kwamba zina korona, kwa hiyo vipimo havikuwa vya kuaminika. Wakuu wa afya wa Umoja wa Afrika walijibu kwamba vipimo vilikuwa vizuri. Hesabu ya Tanzania ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Haikutolewa nyingine mpaka katikati ya mwaka 2021.

Malawi nako mambo hayakuwa mepesi. Serikali ya Rais Peter Mutharika ilitangaza kwamba watu wakae majumbani siku 21, kuanzia usiku wa tarehe 18 Aprili 2020. Wachuuzi wa sokoni waliandamana. Walisema: Tukikaa ndani, tutakula nini? Watetezi wa haki za watu wakaenda mahakamani. Tarehe 17 Aprili Mahakama Kuu ikaisimamisha amri ile kabla haijaanza.

Ona sasa. Tanzania Rais alikataa kuwafungia watu. Malawi Rais alitaka, mahakama ikamzuia. Sababu iliyotajwa pande zote mbili ilikuwa moja: mtu maskini hana akiba ndani ya nyumba. Sababu hiyo si ya upuuzi. Ila kutowafungia watu ni jambo moja, na kutowaambia watu hesabu ya wagonjwa ni jambo jingine.

MAGARI YALIPOSIMAMA

Ugomvi mkubwa ulitokea kwenye mipaka. Jirani asipojua wewe una wagonjwa wangapi, ataogopa. Akiogopa, atafunga mlango.

Mwezi wa Mei 2020 Zambia iliona wagonjwa wengi pale Nakonde, mji unaotazamana na Tunduma. Rais Edgar Lungu akaufunga mpaka. Malori yakapanga foleni ndefu upande wa Tunduma. Baada ya siku chache mpaka ukafunguliwa kwa mizigo.

Mwezi huo huo, tarehe 16, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliufunga mpaka wa Kenya na Tanzania, isipokuwa kwa mizigo. Kila dereva alitakiwa apimwe. Pale Namanga madereva wa Tanzania waliambiwa wana ugonjwa, wakarudishwa. Wakuu wa Arusha wakawapima baadhi yao tena, wakasema hawana. Dereva ni yule yule, majibu ni mawili! Upande wa Tanzania nao baadhi ya mikoa ya mpakani ikawazuia madereva wa Kenya.

Mawaziri wa nchi hizi mbili wakakutana Namanga. Wakapatana kwamba dereva apimwe kwao kabla ya safari, na cheti chake kikubaliwe ng'ambo. Lakini ugomvi haukwisha. Kenya ilipofungua tena safari za ndege mwezi wa Agosti 2020, jina la Tanzania halikuwa katika orodha ya nchi zilizoruhusiwa. Tanzania ikayazuia mashirika ya ndege ya Kenya. Mambo yalitengenezwa mwezi wa Septemba.

Je, hapakuwa na baraza la kuyazungumza? Yalikuwepo. Nchi za kusini mwa Afrika zina jumuiya yao, SADC. Tanzania, Malawi na Zambia zote ni wanachama. Mwezi wa Aprili 2020 mawaziri wa SADC walikubali mwongozo mmoja wa kupitisha mizigo mipakani. Tena mwenyekiti wa SADC mwaka ule alikuwa Rais wa Tanzania. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakuu wa nchi walizungumza kwa njia ya picha na sauti tarehe 12 Mei 2020, lakini Tanzania na Burundi hazikushiriki. Kwa hiyo meza ilikuwepo, na viti vilikuwepo. Waliokosekana ni watu wa kukaa pamoja.

KWA NINI HAWAKUPATANA?

Sababu ya kwanza ni hofu. Ugonjwa ulikuwa mpya, na hata waganga walikuwa wakijifunza.

Sababu ya pili ni biashara. Nchi moja iliogopa kupoteza wageni na fedha za bandari. Nyingine iliogopa kuletewa ugonjwa na madereva.

Sababu ya tatu ni kura. Malawi ilirudia uchaguzi wa Rais tarehe 23 Juni 2020, kwa kuwa mahakama ilikuwa imeufuta ule wa 2019. Watu walioambiwa wasikusanyike waliitwa kwa maelfu kwenye mikutano ya kampeni. Tanzania nayo ilipiga kura Oktoba 2020. Wakati wa kura kila neno la serikali hupimwa na wapinzani, na kila neno la wapinzani hupimwa na serikali. Hapo mwananchi hawezi kujua kama anaambiwa habari ya ugonjwa au habari ya kura.

WEWE UNGEFANYA NINI?

Tuseme wewe ni mvuvi wa Matema. Redio yakwambia kazi iendelee, hatari imepungua. Shemeji yako wa Karonga akupigia simu, asema kwao watu wanakufa. Tarehe 12 Januari 2021 habari ya namna hiyo ilikuwa ya kweli kabisa: Malawi ilipoteza mawaziri wawili kwa korona siku moja. Je, umwamini nani?

Usiseme, “Naiamini serikali yangu tu.” Tena usiseme, “Serikali zote hudanganya.” Jiulize maswali matatu.

La kwanza: Anayesema, amejuaje? Amepima, amehesabu, au amesikia tu?

La pili: Kama amekosea, ni nani atakayeumia? Ukinawa mikono na kuweka nafasi baina yako na mtu anayekohoa, na kumbe hatari haikuwepo, umepoteza sabuni kidogo. Usipofanya hivyo, na kumbe hatari ipo, waweza kumpoteza mama yako.

La tatu: Bwana Afya wa hapa petu anaona nini? Watu wanaougua kwa kukohoa na kukosa pumzi wameongezeka au wamepungua? Mji mkuu uko mbali, lakini zahanati iko karibu.

Wahenga walisema: Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

YALIYOFUATA

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu. Mwezi wa Mei 2021 alikwenda Nairobi kuzungumza na wakuu wa Kenya. Tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa mbele ya watu wote. Malawi ilikuwa imeanza kuchanja mwezi wa Machi mwaka huo.

Lakini imani ikivunjika haiungwi kwa siku moja. Mwezi wa Mei 2021 Malawi ilichoma moto dozi 19,610 za chanjo zilizopita muda wake, kwa kuwa watu wengi walikuwa na mashaka, hawakwenda kuchanjwa. Tanzania nako wengi walisita. Mtu aliyeambiwa leo hivi na kesho vile, kesho kutwa haitiki akiitwa.

Jambo hili si la korona peke yake. Machi 2022 kipindupindu kilianza Malawi, kikaua watu zaidi ya 1,700. Kipindupindu husafiri kwa maji na kwa watu, na ziwa letu ni moja. Siku ugonjwa mwingine utakapokuja, msingoje mpaka serikali zipatane. Chemsheni maji, jengeni vyoo, mwambieni Bwana Afya mapema. Tena wadaini viongozi wenu hesabu ya kweli. Kuomba kuambiwa idadi ya wagonjwa wa nchi yako si uasi. Ni haki yako, na ndiyo inayomfanya jirani asikufungie mlango.

MANENO YA KUJIFUNZA

Amri: neno la mkubwa linalotakiwa kufuatwa.
Mpaka: mahali nchi moja inapokoma na nyingine kuanza.
Sampuli: kitu kidogo kinachochukuliwa kwenda kupimwa.
Mashaka: hali ya kutokuwa na hakika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwaka 2020 na 2021 ulisikia habari gani za korona kutoka ng'ambo? Zilifanana na za huku?
2. Nani aliumia zaidi mipaka ilipofungwa: dereva, mfanyabiashara au mkulima? Eleza.
3. Kipindupindu kikianza leo ng'ambo ya Songwe, kijiji chenu kifanye mambo gani matatu kabla ya kungoja amri?
4. Andika sentensi mbili kwa mwenyekiti wa kijiji, kumwomba aeleze hali ya ugonjwa.

Kiongozi wa kikundi, mpe kila mtu nafasi ya kusema, hata asiyezoea.