Sababu za Amri: Mjadala wa Wanazuoni wa Kiyahudi

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inaagiza hivi: ukikuta kiota njiani, na ndege amelalia mayai au makinda, usimchukue mama pamoja na watoto, mwache mama aende zake. Kwa nini? Wanazuoni wa Kiyahudi wa Zama za Kati hawakukubaliana.

Kwa hesabu ya jadi, amri za Torati ni 613: 248 za kutenda na 365 za kujizuia. Saadia Gaon, mzaliwa wa Misri aliyeongoza chuo cha Sura nchini Iraki katika karne ya 10, alizigawa mafungu mawili. Nyingine akili ingezifikia yenyewe, kama kutoua na kutoiba. Nyingine zajulikana kwa ufunuo tu, kama Sabato na miiko ya chakula. Hata zile za kwanza, alisema, zahitaji ufunuo: akili hukataza wizi, lakini haielezi mali huwaje ya mtu.

Maimonides (1138–1204), tabibu na mwanasheria mzaliwa wa Cordoba aliyeishi Misri, hakuridhika na mgawanyo huo. Kwake, kila amri ina sababu: kunyoosha fikra, kurekebisha tabia au kutengeneza jamii. Dhabihu ziliruhusiwa kwa kuwa watu waliolelewa katika ibada ya sanamu wasingeweza kuacha mazoea ghafla. Ndege naye anaachwa kwa sababu mnyama huumia kwa ajili ya mwanawe kama binadamu aumiavyo.

Nahmanides wa Girona, katika karne ya 13, alimpinga. Mbona Nuhu alitoa dhabihu wakati hapakuwa na mwabudu sanamu duniani? Na amri ya kiota, alisema, haikuwekwa kwa kumwonea ndege huruma, bali kumfunza mwanadamu asiwe katili.

Kutafuta sababu kulikuwa na hatari yake. Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, yasema Mfalme Sulemani alijua kwa nini mfalme amekatazwa kuoa wake wengi, akadhani yeye hatapotoka, akapotoka. Hata Maimonides mwenyewe, katika mkusanyo wake wa sheria, Mishneh Torah, aliagiza kwamba anayeomba kwa kutaja huruma ya Mungu kwa kiota anyamazishwe, kwani hilo ni agizo, si huruma. Mwanafalsafa aliruhusiwa kuuliza sababu. Mwamini hakuruhusiwa kuisubiri ndipo atii.