Meno Yaliyojificha

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Nanyi mnaobeba wadogo zenu mgongoni sogeeni zaidi, maana habari ya leo ni yenu.

Palikuwa na mtoto wa miezi mitano. Kila alichoshika alikitia kinywani: kijiko, kanga ya mama yake, hata kandambili ya kaka yake. Siku moja akaanza kuharisha, na jioni mwili ukachemka. Jirani akaja, akamfunua mdomo, akaona uvimbe mweupe kwenye fizi.

"Haya ni meno ya plastiki," akasema. "Yasipotolewa, mtoto haponi."

"Bibi, meno ya plastiki ndiyo meno gani?"

Hayapo, mjukuu wangu. Yametajwa miaka mingi Tanzania, Kenya na Uganda, na watoto wengi wameumizwa kwa ajili yake. Uvimbe ule ni chonge changa. Meno ya utoto huanza kuumbika mtoto angali tumboni. Akizaliwa, yote 20 yamo ndani ya fizi yakingoja zamu. Anayeichokonoa fizi kwa kisu au spoki ya baiskeli humtia mtoto jeraha na vijidudu. Damu humwagika, na wako waliokufa. Hata jino la ukubwani, ambalo chipukizi lake liko papo hapo, huweza kuharibika.

"Sasa kuharisha kulitoka wapi?"

Kandambili mmeisahau? Umri wa kuota meno ndio umri wa kulamba kila kitu, basi jino likasingiziwa kosa la uchafu. Mama yule hakumsikiliza jirani. Alikwenda zahanati, akapewa ORS ya kurudisha maji mwilini na vidonge vya zinki, akaendelea kunyonyesha, mtoto akapona. Haukupita muda, meno mawili ya mbele ya chini yakachomoza yenyewe. Alipokaribia miaka mitatu, yote 20 yalikuwa nje.

"Lakini bibi, si yatang'oka tu? Ya nini kuyapiga mswaki?"

Huanza kung'oka kwenye miaka sita, ila magego mengine hukaa hata miaka kumi na zaidi. Jino la utoto ni kama rafiki aliyekushikia nafasi kwenye foleni ya bomba: akiondoka mapema, ndoo za wengine husogea, nawe ukifika huna pa kusimama. Ndipo jino la ukubwani huota kombo.

Adui wa jino ni vijidudu vya kinywani. Hula sukari, hutoa tindikali, na tindikali hula jino. Usiku mate yanayolilinda jino hupungua, kwa hiyo mtoto asilale na chupa ya juisi wala chai ya sukari. Tangu jino la kwanza litoke, apigwe mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele hadi atimize miaka mitatu. Mswaki ashike mtu mzima. Wewe kazi yako kumchekesha afungue kinywa.

Na kazi nyingine hii. Nawa mikono, inua taratibu mdomo wa juu wa mdogo wako, utazame pale jino linapokutana na fizi. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, jino limeanza kuoza. Mwambie mama siku hiyo hiyo, ampeleke kwa daktari wa meno: hapo bado linaweza kuokolewa kabla halijatoboka.