Shepadi Inataka Mboka, Si Mnyororo

Kanairo ukitembea mitaa zenye keja ziko na geti, Rongaa hadi Ruiru, hukosi kuona kibao imeandikwa MBWA KALI na kando yake imechorwa kichwa ya German Shepherd, masikio wima, ulimi nje. Dogi yenyewe huioni. Iko nyuma ya keja, kwa kaboksi ka mbao na mabati, imefungiwa huko tangu asubuhi, na itatolewa saa nne usiku watu wakiingia kulala. Kesho hivyo hivyo tena. Wasee wanalipa doo mob kuwahi hii dogi halafu wanaigeuza kengele ya geti. Manze inaniuma, ju nimekua na shepadi kejani na najua vile inakuanga ikipewa nafasi ya kuishi na watu. Ni beshte, ni askari, ni yaya, na hizo zote zinatoka kwa tabia moja.

Stori inaanzia Ujerumani. Mwaka wa 1899, kapteni mmoja wa wapanda farasi anaitwa Max von Stephanitz alikuwa kwa maonyesho ya mbwa huko Karlsruhe, akacheki dogi ya kuchunga kondoo yenye ilikuwa inaitwa Hektor Linksrhein. Akainunua, akaipea jina mpya, Horand von Grafrath, na tarehe 22 Aprili mwaka huo huo akaanzisha chama ya shepadi. Horand akaandikwa namba moja kwa kitabu ya ukoo. Huyo buda hakutaka dogi ya luku. Kwake, uzuri wa dogi ulikuwa mboka yake: kama haina akili na haiwezi kushinda shambani siku mzima, rangi smart haisaidii.

Na hiyo mboka ya kwanza ndio watu wengi hawajui. Kondoo zilikuwa zinalishwa kwa vipande vya nyasi katikati ya mashamba za watu, bila ua. Hapa ni nyasi, hatua moja mbele ni ngano ya jirani. So shepadi inapewa mpaka, pengine mtaro tu uliochimbwa na jembe la farasi, na inashinda ikiutembea juu chini, juu chini, hadi jioni. Kondoo ikiweka mguu upande wa ngano, dogi imefika. Ikibidi kushika, inashika haraka na kuachilia bila kurarua, ju kondoo ikiumia ni hasara ya mwenyewe. Dogi ndio ilikuwa ua. Mchungaji yuko huko mbali na kondoo mamia, hajashika kamba yoyote, na dogi inajiamulia mambo mengi yenyewe.

Sasa cheki dogi ya Syokimau ikizunguka ukuta wa ploti asubuhi, njia ile ile hadi nyasi inaisha. Hakuna mtu aliifunza hiyo. Inapima mpaka, inahesabu wenye wako ndani, na yule hajahesabiwa ndio inataka kujua ni nani. Ulinzi wa shepadi unaanzia hapo, kwa kujua vizuri nani ni wa kwake. Ukiifungia mbali na familia, itahesabu nani?

Kwetu tulikuwa na dume anaitwa Bosco. Sistangu mdogo akianza kutambaa, Bosco alikuwa anajilaza kwa mlango wa jikoni, mwili mzima, mtoi asifike kwa jiko. Mtoi akijaribu kupanda juu yake, Bosco anainuka polepole na kumsukuma na pua kwa tumbo hadi anarudi kwa mkeka. Habweki, hagusi na meno. Sista akianza kusimama, alikuwa anashika manyoya za shingo ya Bosco na ngumi zote mbili, na ile jibwa yote inatembea hatua za mtoi, akisimama inasimama. Jioni mathe akishuka stage, masikio za Bosco zilikuwa zinageuka kabla sisi tuskie chochote, anaenda kwa geti anakaa kungoja. Mtu hatumjui akigonga geti hiyo hiyo, mlio ulikuwa mwingine kabisa, mzito, wa kifua. Wote kwa keja tulikuwa tunajua hiyo tofauti, hata tukiwa tumelala.

Hiyo tofauti ndio mnyororo unaua. Shepadi yenye imefungwa inabwekea paka, inabwekea boda, inabwekea mjengo wa jirani usiku kucha, hadi ploti mzima inazoea kelele na hakuna mtu anaamka. Mwizi akija ni kelele ile ile. Halafu siku imekata mnyororo, inakutana na mtoi wa jirani na haijawahi kukaa karibu na mtoi maisha yake yote. Hapo ndio ngori huanza, na lawama yote inaenda kwa dogi. Kuna wasee hadi leo wanaamini dogi ikikaa na ubao ama ikipewa pilipili ndio inakuwa kali. Huko ni kutesa mnyama. Dogi yenye njaa itamanga nyama yoyote ya sumu mwizi amerusha juu ya ukuta, na asubuhi unaipata imededi. Ile imeshiba na inawapenda iko na sababu ya kusimama kati yenu na mwizi.

Kuizoesha kunaanza mapema sana. Kutoka wiki ya 3 hivi hadi ya 14, hapo ndio papi inajifunza nini ni kawaida kwa hii dunia. So ikifika kwako, usiifiche. Ibebe ione mama mboga, wazee na bakora, watoi wa uniform, boda ikipiga honi, msee wa taka na gunia yake. Kama haijamaliza sindano, ibebe mikononi, usiiweke chini mahali dogi zingine zinapita, ju ugonjwa ya parvo inaua mapapi haraka sana.

Kwa akili sasa, hapo heshima. Stanley Coren, profesa wa saikolojia huko Kanada, alitoa kitabu mwaka wa 1994 chenye kilipanga aina za mbwa kulingana na vile zinashika amri. Shepadi ikawa namba 3, nyuma ya Border Collie na Poodle: amri mpya inaishika ukirudia chini ya mara 5. Lakini stori yenye inanibamba kushinda zote ni ya 1928. Jamaa kipofu wa Marekani, Morris Frank, alisafiri hadi Uswisi akafunzwa kutembea na shepadi jike anaitwa Buddy. Akirudi New York, mbele ya waandishi wa habari, akavuka barabara yenye magari zinapita kasi, Buddy akimwongoza. Mwaka uliofuata ikaanzishwa The Seeing Eye, shule ya mbwa waongozaji huko Marekani. Na elewa kitu kimoja kuhusu hiyo mboka: dogi lazima ijue kukataa. Msee akisema twende na gari inakuja, dogi inasimama tu. Ni akili ile ile ya mtaro wa Ujerumani, dogi inajiamulia na inaamua vizuri ju maisha ya mtu yako mikononi mwake.

Wewe kejani huna kondoo, na pengine kila mtu anaona fiti. So tengeneza mboka. Chukua omena kavu, ficha moja moja kwa kona za ploti, chini ya debe, nyuma ya ndula, kwa mwanya wa ukuta, halafu sema "tafuta". Hiyo pua itapiga kazi hadi ya mwisho ipatikane, na ikimaliza inalala kama msee ametoka mjengo. Ifunze kaa, ngoja, kuja, wacha. Kiswahili, Sheng, lugha ya mathe, yoyote, bora watu wote kwa keja watumie neno moja. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, na omena ndio mshahara. Usiichape. Shepadi inakumbuka sana, na kichapo kinaifunza tu kuogopa mkono wako. Halafu kutembea, kama masaa mawili kwa siku, ukigawanya. Weekendi unaweza ipeleka msitu ya Karura, dogi zinaruhusiwa huko zikiwa na kamba.

Mwili wake pia uujue. Dume inafika kilo 30 hadi 40, na kimo cha sentimita 60 hadi 65 kwa bega. Jike ni mdogo kidogo. Manyoya ni tabaka mbili, na ile laini ya ndani inamwagika kwa kochi, kwa zulia, kwa suruali yako nyeusi ya kanisa. Nunua brashi. Usiinyoe, ju hayo manyoya yanaikinga jua na pia baridi ya Julai. Masikio za papi huanza zikiwa zimelala, halafu miezi ya kwanza kwanza zinasimama, saa zingine moja kabla ya ingine, na kuna siku dogi inatembea na sikio moja juu na ingine imelalia kichwa. Meno mapya zikitoka, masikio zinaweza anguka tena. Usitense, na usizibandike na gluu ya mtaa, zitasimama.

Ugonjwa yenye inasumbua hii aina ni nyonga. Mfupa wa paja haukai vizuri kwa kiungio, na dogi ikikua inaanza kuinuka kwa shida, inaruka na miguu zote mbili za nyuma kama sungura. Hii inarithiwa, na uzito mwingi unaifanya mbaya zaidi. Ingine ni tumbo. Kifua ya shepadi ni ndefu, na ikimanga sahani kubwa mara moja kisha ikimbie, tumbo inaweza kufura na kujisokota. Hiyo ni ya kukimbia kwa veti saa hiyo hiyo, hakuna kungoja asubuhi. So gawanya dishi mara mbili kwa siku na uiache itulie.

Dishi ya keja inaweza kufaa: ugali na omena, matumbo, ini, karoti kiasi. Lakini kitunguu ni sumu kwake, chokoleti pia, na mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vikali vyenye vinatoboa matumbo. Ukimwaga mabaki ya sufuria kwa bakuli yake, kumbuka stew ya Kanairo iko na kitunguu kila saa. Kagua kupe kwa masikio na katikati ya vidole. Ikikataa dishi na ufizi ugeuke mweupe, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe, ipeleke. Na sindano ya kichaa ya mbwa kutoka miezi 3, kisha kila mwaka. Kenya ilijiwekea mpango wa kumaliza hiyo ugonjwa kwa watu kufikia 2030, na karibu kila mtu anayeipata huipata kwa dogi. Hapo hakuna kulenga.

Kama uko bedsitter ya Kasarani orofa ya nne, unatoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi usiku, ngoja kwanza. Najua zile video za mapapi kwa TikTok vile zinashika roho, lakini ukiwa hauko hiyo dogi itakula mlango. Beshte akiwa nayo, jitolee kuitembeza, atakushukuru sana. Na ukiwa na nafasi lakini doo ni kidogo, pitia KSPCA, shirika ya kutunza wanyama huko Karen, kuna dogi zinangoja keja.

Ukienda kununua, papi iwe imemaliza wiki 8 na mama yake. Angalia ile inakuja kukunusa, si ile imejibanza kwa kona ikitetemeka. Kisha uliza mama iko wapi, na uombe itembee mbele yako. Mgongo ukiwa umeinama sana nyuma na miguu zinayumba, hizo nyonga zinaweza kuwa za watoi wake pia. Kama inakimbilia mwenyewe na kumwegemea, hapo unaweza anza kubonga bei. Muuzaji akianza kukuzungusha ati mama iko ocha, rudi kejani na doo yako.